Maziwa Hayataki Ndagala

Juzi nilirudi Rumonge, kando ya ziwa, nikamkuta mdogo wangu wa kiume akianika ndagala zake, dagaa za ziwani, juu ya mchanga. Akanijazia kikapu. Harufu ilipopanda, mate yalinijaa mdomoni, na papo hapo woga ukanishika, woga wa zamani, wa siku za Mdachi.

Wakati huo yeye alikuwa mtoto mchanga, na homa ilikuwa imekausha maziwa ya mama. Msaidizi wa daktari wa Kijerumani alisema neno moja: apewe maziwa ya ng'ombe. Rahisi kusema. Huku ufukweni mbung'o walikuwa wamemaliza ng'ombe. Maziwa yalikuwa mlimani, juu ya Kizuka, wala hayakuuzwa kwa kila mtu. Mfugaji mmoja alikubali kutuletea kibuyu kila asubuhi, nasi tumpe mawese. Ila kwa sharti la kwao: nyumba inayokunywa maziwa haili samaki, ama sivyo ng'ombe atakauka.

Basi nyumba ya mvuvi ikaacha samaki. Baba akahamia kwenye kibanda cha nyavu, asituletee harufu. Sisi tulikula muhogo na sombe, majani yake, asubuhi na jioni, huku ndagala za jirani zikinukia nyuma ya ukuta.

"Mumekuwa watu wa mlimani sasa?" jirani alitucheka. "Hata paka wenu amehamia kwangu!"

Mfugaji hakuwa na mzaha. Alisimama mlangoni akinusa kabla ya kufungua kibuyu.

"Amahoro, mama. Iko harufu humu?"

"Hakuna, baba," bibi yetu alijibu. "Nusa mpaka uchoke."

Mtoto akaanza kunenepa. Bibi akaanza kuvimba miguu, kwani muhogo wake aliugawa kwetu. Mama alimsihi aende kwa jirani, ale ndagala kidogo apate nguvu.

"Harufu haina mlango," bibi alisema. "Nitarudi nayo mdomoni."

Asubuhi ya mwisho aliomba ndagala moja tu. Mama alitoka mbio, akamwona mfugaji akiteremka na kibuyu. Akasimama. Kisha akarudi ndani mikono mitupu. Bibi alifumba macho kabla maziwa hayajachemka.

Leo njia ya mfugaji imemezwa na michikichi, na mdogo wangu hutafuna ndagala kama karanga. Jana nilikaanga zile alizonipa. Nikafungua mlango na madirisha yote, nikasimama kizingitini nikitazama mlimani. Niliporudi ndani, chakula kilikuwa kimepoa.