Ukuta wa Chumba cha Vumbi

Kwa miaka kumi na miwili Serafina, mama yake Januari, alitwanga sampuli za udongo katika maabara ya kilimo Shinyanga, na vumbi lilikuwa limeanza kumbana kifua. Mwaka 1978 mchoraji ramani wa jengo jipya la maabara alikuja kuwauliza wafanyakazi wanataka nini. Serafina hakumwamini. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa pia waliulizwa wapendako, malori yakiwa yamekwishawashwa.

"Sema tu, Mama Januari," mchoraji alisema, akimtandazia ramani mezani.

"Ramani hii ni wino au penseli, baba?"

"Penseli."

"Basi futa ukuta huu wa mashariki wa chumba cha kutwangia, upepo upite utoe vumbi."

Mchoraji akacheka, akaandika kwenye daftari.

"Sikusema uandike. Nimesema ufute."

Serafina akaukandamiza ule ukuta kwenye ramani kwa kidole, asikiondoe mpaka alipokiona kifutio mkononi mwa mchoraji.