Mpiga Fidla wa Chumba cha Ukaguzi

Siku ile sikunywa pombe, na malaria sikuwa nayo. Nasema mapema kwa sababu najua mtakakokimbilia. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, pale Mwadui, miaka ya sabini. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize.

Nilikuwa mpiga viola. Viola ni dada mkubwa wa fidla, ana sauti nzito kidogo, na katika kundi la watu wanne yeye hukaa katikati, hakuna anayemsikiliza. Nilifundishwa na padri mmoja wa Ushirombo, kisha nikapata ukarani mgodini, na Jumapili nikawa napiga klabuni. Basi siku moja wapigaji watatu wa Dar es Salaam wakaniandikia: mwenzao wa viola ameondoka, niende wanisikie. Jamani! Barua ile niliingoja maisha yangu yote.

Mgodi wa almasi una uzio, na hutoki bila kukaguliwa. Saa nne asubuhi nikafika getini na sanduku langu. Askari alikuwa Msukuma mmoja mcheshi. "We nyanda, kijana wangu, hilo sanduku lako lina kona nyingi. Kaa humo chumbani, nimalize foleni, nitakuita." Basi la Shinyanga lilikuwa linapita Maganzo, pale barabara kuu, saa saba. Sikuwa na wasiwasi.

Ndani nikamkuta mzee amevaa tai, fidla iko begani. "Shikamoo mzee." Akaendelea kukaza nyuzi zake. Nikasema moyoni, huyu naye ana maringo. Akanyoosha upinde kuelekea sanduku langu. "Nakosa viola," akasema. Nikalifungua.

Sasa unielewe. Katika muziki wetu hakuna anayesimama mbele kuwaongoza wenzake. Mwenye fidla ya kwanza huvuta pumzi puani, mnaisikia, mnaanza. Mwishoni huvuta tena, anainua upinde, mnanyamaza. Padri alinigombeza sana: "Sikiliza pua, usitazame kiwiko!" Mimi mvivu, nikazoea kiwiko. Nikakitazama cha mzee, tukaanza.

Alijua kupiga, niamini. Lakini tulipofika mwisho akarudi mwanzo, nami nikarudi. Mara ya tatu, mara ya nne. Nikatega sikio nisikie ile pumzi ya kumalizia. Wapi! Nikasikiliza vizuri zaidi: mtu yule hakuwa akipumua kabisa.

Nikataka kushusha mkono, ukakataa. Nikataka kuita, sauti haikutoka. Mlango uko wazi, jua naliona, watu nawasikia wakicheka nje, na mimi sitoki! Umewahi kufungwa mahali pasipo na kufuli? King'ora cha mchana kikalia. Saa saba ikapita. Vidole vikachubuka, machozi yakanitoka kama mtoto, na upinde unaenda tu.

Askari ndiye aliyenipokonya upinde. "Mayo wane, mama yangu! Nimekuita mpaka nimechoka, unapiga peke yako, hata kugeuka hugeuki!" Kiti cha pili, cha yule mzee, kilikuwa kitupu. Ilikuwa saa kumi.

Mpishi wa klabu, mtu wa siku nyingi pale, akaniambia kwamba zamani mpiga fidla mmoja alifungasha arudi kwao, na moyo wake ukasimama akiwa humo humo chumbani anangoja zamu yake.

Dar nilikwenda wiki iliyofuata. Tulipiga vizuri, nikawaona wanatikisa vichwa kwa raha. Wakainua pinde zao, wimbo umeisha. Mimi nikarudi mwanzo. Wakadhani natania, wakatabasamu. Kisha wakaacha kutabasamu. Wawili wakanishika mkono, wa tatu akaniondolea viola begani taratibu, akaiweka kwenye sanduku langu bila kunitazama usoni.

Kazi sikupata. Nimejaribu kanisani, nimejaribu harusini, ni yale yale: kuanza naweza, kumaliza siwezi. Viola niliwapa masista. Mke wangu akinisikia napiga mluzi uani huacha chochote alichoshika, anakuja kunifunika mdomo kwa kiganja, na tunasimama hivyo mpaka hali ile inipite.

Nawe, mtu usiyemjua akikukaribisha mpige pamoja, muulize kwanza mtaishia wapi. Asipojibu, toka, wala usione haya. Mimi niliona haya kumkatalia mzee.