Milango Iliyotazama Milima

Ploti yangu ya kwanza iko Voi, ng'ambo ya reli, mahali ambapo ukisimama unaiona Milima ya Taita upande wa magharibi. Niliinunua kwa ajili ya milima hiyo. Watu niliwaambia mambo mengine: kwamba Voi inakua, kwamba wafanyakazi wanatafuta vyumba.

Kwetu ni Chawia, juu kwenye milima hiyo hiyo. Tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kukaa mahali pamoja zaidi ya miaka mitatu. Mombasa, Taveta, Nairobi, Mombasa tena. Kote nilipanga chumba, na kila chumba kilitazama ukuta wa mtu mwingine. Kwa hivyo nilipofikisha arobaini na kujenga vyumba vitatu vya kupangisha, niliweka milango na baraza magharibi, ili mpangaji akifungua aone milima. Madirisha yakawa madogo na paa likawa chini, kama nyumba ya mama kule Chawia, ambako kuna baridi na ukungu huingia mpaka jikoni.

Fundi wangu, mtu wa Mbololo, alicheka.

"Sasa hii ni nyumba ya wapangaji ama ni ya macho yako? Voi si Chawia, bwana. Huku jua tunalikimbia."

"Wewe jenga."

"Nitajenga. Usije ukasema sikusema."

Mpangaji wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye asili ya pwani, mpishi wa mahamri ya kuuza. Vile vyumba viwili vingine watu walikuja kuviona asubuhi wakavipenda. Wakirudi mchana kulipia, wanaishia barazani na kugeuka. Kisha yule mama akaniambia kwamba mwezi ukiisha anahama.

"Nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea, mwanangu. Mahamri nayapika mimi asubuhi, mchana wanipika wewe."

Nikaanza kumweleza habari za milima. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mizuri, mashallah. Lakini siioni, mlango naufunga. Hebu kaa hapo chumba cha pili saa tisa, kisha uje tuzungumze."

Nilikaa. Saruji ya baraza ilichoma kupitia kandambili. Nilipoacha mlango wazi, jua liliingia lote na kufika pale ambapo mtu angeweka kitanda. Nilipoufunga, nikabaki gizani na joto lile lile, mabati yakilia-lia juu ya kichwa. Sikumaliza nusu saa. Nilipotoka, shati limelowa, ndipo nikakumbuka kwamba milima sikuiangalia hata mara moja.

Nilijua nitafanya nini yule mama akiondoka. Ningeuza ploti na kuondoka pia, kama nilivyoondoka kila mahali mambo yalipokuwa magumu. Tayari nilikuwa nimeanza kuulizia kazi Taveta.

Badala yake nikampigia fundi. Alikuja, akatazama, na safari hii hakucheka, jambo ambalo liliniuma zaidi. Tulivunja ukuta wa mashariki tukahamishia milango huko, tukaiziba ya magharibi, tukapanua madirisha na kuinua paa mistari mitatu ya mawe. Mama wa mahamri alihama na karai lake chumba hadi chumba, tukimfuata na vumbi.

Siku ya mwisho ya mwezi nilimkuta mchana ameketi kwenye mkeka mbele ya mlango mpya, anachagua mchele.

"Mama, mwezi ndio umeisha."

"Naona."

"Utahama?"

"Nihame niende wapi, na kivuli ndio kwanza kimefika? Tena kuna mwalimu mteja wangu ataka hicho cha pili. Usikipe mtu."

Sasa vyumba ni saba. Vile vinne vya baadaye sikuchimba msingi kabla ya kubeba kiti na kukaa kwenye ploti saa tisa, siku kadhaa, nikiangalia kivuli kinaangukia wapi. Huu ni mwaka wa tano sijahama.

Nikitaka kuiona milima, nazunguka nyuma ya nyumba, penye kamba za nguo. Alama za ile milango mitatu bado zinaonekana ukutani chini ya rangi. Nasimama hapo mpaka jua linishinde, kisha narudi mbele.