Mtani Alivyomlilia Mdogo Wangu Akiwa Hai

Nafundisha historia katika sekondari moja hapa Tabora, na kwa majivuno ya kazi yangu niliamini mdogo wangu hana hoja itakayonishinda. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, hakosi sala ya alfajiri. Alikuwa ameanza kutazama kwenye simu video za Waislamu wa kujitolea waliokwenda kupigana Afghanistani, Bosnia na kwingineko, na moyo ukamwaka. Alisema ndugu zake katika imani wanauawa, naye amekaa anachomelea mageti ya matajiri.

Wiki tatu nilimsomesha. Nilikiri kwamba wengi walikwenda kwa huruma ya kweli. Nikamweleza pia yaliyowapata: makamanda waliogeukiana, pasipoti zilizochukuliwa zisirudi, watu waliofukiwa porini na mama zao hawajui ni wapi. Akanyamaza. Nikajipongeza, nikasahau kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumatano akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Alisema anakwenda Nzega kutafuta kazi migodini, na watu wakamsamehe, wakamtakia heri. Kosa lake ni kwamba alimwomba radhi hata jirani yetu, bibi wa Kizaramo anayeuza vitumbua. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu wazee wetu walipokuwa wakipita kwao na misafara kwenda pwani. Tunatukanana, tunanyang'anyana, na hakuna anayenuna. Mtani haombwi radhi, maana hakosewi; anayemwomba anaaga kama mtu wa kufa. Bibi alijua papo hapo kwamba yule haendi kuchimba dhahabu.

Alhamisi asubuhi mdogo wangu alikuwa na tikiti ya basi la saa nne mfukoni. Bibi akaja, akatandika mkeka mlangoni petu, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kulia matanga. Majirani walikuja mbio. Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akauliza nani kafa, na bibi akamnyooshea kidole mdogo wangu. Mama aliketi pale pale chini. Nami ndipo nikaelewa, na sijapata kuona aibu kama ile, mwalimu mzima.

Bibi alilinyakua begi la mdogo wangu, akalikalia, kama watani wanavyozuia jeneza lisitoke. Kumsukuma mtani msibani hakuna anayethubutu. Mdogo wangu akambembeleza, akamtolea noti. Bibi akaisukuma kando.

"Mpagazi wewe," akasema. "Wazee wako walibeba pembe za watu mpaka pwani, wewe unakwenda kubeba vita vya watu. Siku ukifa, mimi ndiye mwenye haki ya kukuigiza mbele ya watu wacheke. Ukifia huko, nitamwigiza nani, na nani atanionyesha kaburi?"

Kisha akainuka, akaanza kumwigiza. Alipiga magoti kama fundi anayechomelea, jicho moja kafumba, ulimi nje, makalio juu, akajiunguza kidole, akaruka. Watu waliangua kicheko. Mdogo wangu alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka kilio, akaenda kumlalia mama mapajani. Mimi nililia kwa furaha bila kujificha.

Bibi hakumpa begi. Alisema mdogo wangu atalikomboa kwa kumleta mwenzake, kwa kuwa safari kama ile haiendwi na mtu mmoja. Ni kweli, alikuwapo mwingine, mshona viatu wa sokoni. Mdogo wangu akafuta machozi, akatangulia njia. Bibi akafuata na mkeka wake kichwani, akilia kwa sauti kubwa zaidi, na sisi sote nyuma yake, Waislamu na Wakristo wa mtaa ule, tukiitikia.

Saa nne basi la Nzega liliondoka na viti viwili vitupu.