Bibi Anakwenda Kuonja Bahari

Juzi wajukuu zangu walikaa sebuleni kwangu hapa Bugene wakapanga likizo ya Unguja. Walipanga kwa simu. Chai haijapoa, wamekwisha kuchagua hoteli, wameamua siku ya kuzunguka mji wa zamani na siku ya kuvuka kwenda kisiwani kuwatazama kobe. Nikawauliza, "Mmemaliza?" Wakasema, "Tumemaliza, Bibi." Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nao wakatazamana, wakidhani uzee umeshanipanda kichwani. Hawajui kwamba mimi nilifika Unguja kabla mama zao hawajazaliwa, na kwamba kuipanga safari ile kulitumalizia msimu mzima wa kahawa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nikiwa msichana wa darasa la tatu. Nililelewa na bibi mzaa mama, mjane, kwenye kibanja chake, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake. Bibi alijaliwa mabinti wawili tu. Mama yangu aliolewa Bugomora. Mama mdogo alisomea uuguzi, akaolewa na mfanyakazi wa bandarini, wakahamia Unguja. Mtoto wa kiume Bibi hakupata, na kama wewe ni mtu wa huku, umeshaelewa shida ilikuwa wapi. Kibanja kilihesabiwa kuwa mali ya ukoo wa marehemu babu. Bibi aliachiwa akilime kwa kuwa alikuwa akiishi humo. Siku ambayo ukoo ungesema amekihama, mdogo wa marehemu babu angekichukua. Huyo nilimwita Babu Mdogo, alikaa Nyakasimbi, na siku hiyo alikuwa akiingoja kwa adabu kubwa sana.

Basi mama mdogo akatuma salamu kwa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani: Krismasi hii mama aje kwangu apumzike, aje na mtoto. Salamu hizo zilimshangaza Bibi. Watu aliowajua walisafiri kwenda kutibiwa, kuzika au kutafuta kazi. Kusafiri ili ukakae tu na kutazama vitu, hilo hakuwa amelisikia. "Nipumzike, kwani nimechoka?" aliuliza, akaendelea kumenya ndizi.

Jirani yetu alikuwa mwalimu, na ualimu wenyewe alikuwa ameusomea pwani. Alikuja jioni ile kusalimu, akapewa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, akaanza kumsimulia Bibi sifa za Unguja. Akamweleza nyumba za mawe zenye ghorofa, milango iliyochongwa maua, vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu, na visiwa vilivyo karibu kiasi kwamba unavuka asubuhi na mchana umerudi kula. Bibi aliitikia tu, "Ee, ee," kwa heshima, kisu kikienda. Ndipo mwalimu akataja, kwa kupita tu, kwamba maji ya bahari yana chumvi.

Kisu kikasimama. "Yote?"

"Yote, waitu," akajibu mwalimu, kwa neno letu la heshima. "Mpaka upeo wa macho."

"Na watu hao wana ng'ombe wangapi?"

Mwalimu akasema hakumbuki kuona ng'ombe wengi. Bibi akanigeukia mimi. Huku kwetu chumvi ya ng'ombe ilikuwa kazi kweli kweli. Udongo wa chumvi tuliubeba kichwani kutoka mbali, tukaukoroga na maji kwenye birika la udongo, na ng'ombe walipoisikia harufu yake walisukumana kama watoto kwenye sinia. Sasa anaambiwa kuna nchi yenye maji ya namna hiyo bila mwisho, na hakuna wa kuyanywa. Alimenya ndizi zilizobaki, akaziweka chunguni, akafunika kwa majani. "Nitakwenda kuyaonja," akasema.

Tukaanza kupanga. Mwalimu alituchorea njia kwa kijiti kwenye uwanja wa kuanikia kahawa: lori mpaka Bukoba, meli mpaka Mwanza, treni kupitia Tabora mpaka Dar es Salaam, meli tena mpaka Unguja. Kuku akapita akafuta Tabora, mwalimu akaichora upya. Bibi alinikaririsha majina hayo kila asubuhi wakati wa kugeuza kahawa mikekani, maana mimi ndiye niliyekuwa msomi wa msafara. Nauli ilitoka kwenye kahawa ile ile. Nikienda kuchota maji nilitembea kwa maringo, na wenzangu wakaniita Mswahili.

Babu Mdogo akasikia. Alikuja kwa baiskeli, akaingia moja kwa moja, akaketi, akamsifu Bibi kwa afya yake. Kisha akasema kwa upole, "Shemeji, safari ni jambo jema. Lakini nikipita hapa nikaona nyumba haitoi moshi, wazee wa ukoo watauliza kama mwenyewe bado yupo. Mimi nitawajibu nini?"

"Moshi utauona," Bibi akamjibu. "Pita siku yoyote."

Alipoondoka, Bibi alikwenda kuchochea moto ambao ulikuwa ukiwaka vizuri tu. Niliogopa sana siku ile. Nilijua kwamba kama safari ingetukosesha kibanja, tusingekuwa na pa kurudi, na nilimwomba tuache. Hakunigombeza. Alisema kwamba ameshakaa pale kwa woga miaka ya kutosha, na kwamba kama mahali ni pako kweli, basi unaweza kutoka na kurudi.

Wakati ule akina mama wa jirani walilima kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, jembe moja moja mpaka kibanja kinang'aa. Bibi aliwaita wote siku ya kuchambua kahawa, akawapikia ndizi na maharage, akawaeleza shida yake bila kuficha. Walilichukua jambo lile kama harusi. Mmoja akadai moto uwe wake, mwingine akasema kukamua ng'ombe hamwachii mtu. Wengine wakagawana kupalilia, kutandaza nyasi migombani, na kubadilisha nyasi za sakafuni ili nyumba inukie. Mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kuita hata walioko ng'ambo ya bonde, akasema, "Wewe nenda ukastarehe. Hapa hata jogoo hatajua kwamba umeondoka." Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanguka tulikaanga na kukausha kikapu kizima cha kumpelekea mama mdogo. Tena Bibi, kwa kuwa hakuamini kwamba watu wa pwani wana chakula, akakata mkungu mzima wa ndizi mbichi. Mwalimu alimwonya. Hakusikia la mtu. Joto la ndani ya treni likaziivisha zote kwa pamoja, nasi tukawalisha abiria wa behewa letu, wakamwombea heri Bibi kwa lugha ambazo hakuzijua. Alifurahi kama mtu aliyepanga iwe hivyo tangu mwanzo.

Unguja tuliiona, rafiki yangu, na ilikuwa kama tulivyoambiwa na zaidi. Lakini Bibi hakutaka kuonyeshwa milango kwanza. Alimwambia mama mdogo ampeleke kwenye maji. Akavua viatu vya kuazima, akainama, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema, akacheka mpaka wavuvi wakageuka. "Mawe!" akashangaa kwa lugha yetu, yaani mama yangu. "Utajiri wote huu wanaachiwa samaki!" Tulipovuka kwenda kisiwani akaambiwa kobe mmoja ana umri unaomzidi mzee yeyote aliye hai. Bibi akapiga magoti mchangani, akamwamkia shikamoo, akangoja kwa staha. Kobe akatafuna jani. Bibi akasema wakubwa ndivyo walivyo.

Tuliporudi Bugene niliuona moshi kabla sijaiona nyumba, nikaanza kukimbia. Akina mama walitoka migombani wakipiga vigelegele, na wote wakataka kusimulia kwa pamoja. Babu Mdogo alikuwa amekuja, tena na wazee wawili wa ukoo. Akakuta moto unawaka, maziwa yamekamuliwa, sakafu ina nyasi mpya, na palizi ambayo hata kwake haikuwapo. Walikaribishwa wakapewa kahawa ya kutafuna, wakaambiwa mwenyewe ametoka kidogo. Wale wazee wakamuuliza Babu Mdogo wameitiwa nini, naye akasema wamekuja kusalimia.

Sasa tabia za zamani zimekwisha. Wajukuu zangu wakisafiri wanafunga kufuli, wanaweka mlinzi, na jirani wa pili hajui kama wapo au hawapo. Sakafu ni za saruji. Kulima kwa zamu kumekufa, na meli na treni za safari ile nazikumbuka peke yangu, kwa kuwa Bibi na akina mama wote wale wametangulia. Nawakumbuka kwa majonzi, lakini kwa fahari zaidi, maana nilikuwapo siku ya pili baada ya kurudi kwetu.

Asubuhi ile Bibi alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Babu Mdogo akaja, na safari hii hakuingia. Aliegemeza baiskeli barabarani, akasimama ukingoni mwa migomba, akavua kofia, akapiga hodi. Tangu babu afe hakuwa amepiga hodi pale hata mara moja. Bibi alichambua maharage kidogo, akapuliza makapi, akanyoosha khanga yake magotini. Kisha akainua sauti ili na majirani wasikie:

"Karibu, shemeji. Karibu kwangu."