Mpeleka Maneno wa Wodi ya Kina Mama

Wiki iliyopita mkwe wangu, mume wa binti yangu, aliniona nimeshindwa kuinuka kwenye mkeka kwa sababu ya goti. Akaja mbio, akanishika kwapani, akaniinua. "Pole, mama," akasema, akarudi zake kuangalia mpira. Nilibaki nimesimama sebuleni nimejitanda khanga hadi usoni. Kijana wa watu hakufanya kosa lolote. Lakini wewe mwenzangu uliyekulia kwetu unaijua aibu niliyoisikia, na mimi najua ilikotoka.

Nilikuwa darasa la pili, tukikaa Misima, mama alipougua kansa ya kizazi. Alipelekwa Dar es Salaam akapigwa mionzi, kisha ikawa kila akizidiwa tunalazwa Korogwe. Nasema tunalazwa maana nami nilikuwa na kazi yangu. Bibi mzaa mama ndiye aliyetoka kwake Mashewa kuja kuuguza. Baba ndiye aliyeleta chakula. Na desturi yetu ilikuwa mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawasemeshani, wala hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Sasa waweke hao wawili kando ya kitanda kimoja cha hospitali, uone.

Basi Bibi alikaa ndani, baba akasimama nje, ubavuni mwa dirisha, asionekane. Katikati nilikuwa mimi. "Mwambie baba yako uji umekwisha." Baba kasikia, dirisha lenyewe halina kioo, lakini anangoja. Natoka mlangoni, nazunguka wodi, napita banda la kupikia lenye moshi na harufu ya dagaa, nafika. "Baba, Bibi anasema uji umekwisha." "Mwambie bibi yako nimesikia." Wagonjwa walicheka hadi wakashika matumbo, na mama mmoja wa kitanda cha jirani akanibandika jina, Redio. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mabaya zaidi yalikuwa maneno yenyewe: mama ametapika, mama amechafua khanga, lete nyingine. Hayo niliyasema kwa kunong'ona, na baba aliyapokea huku akitazama viatu vyake.

Mama mwenyewe, siku akiwa na nguvu, alimtania Bibi. "Mama, mume wangu hang'ati." Bibi alimsonya tu.

Siku moja, tukiwa nyumbani, mama alianguka bafuni, kwenye ule ua wa mabua ya mahindi. Bibi alijaribu kumwinua, akashindwa. Nikaongeza mikono yangu, tukashindwa wote. Mama analia kwa maumivu, maji ya kuoga yamegeuka matope chini yake. Bibi akaniambia nimwite baba, na kabla sijatoka akapiga kelele mwenyewe, "Mkwe, njoo! Mwanangu anakufa!" Baba aliingia amefumba macho, kweli amefumba, anapapasa. Mama hakuwa na nguo, na Bibi alibaki mabega wazi kwa kuwa khanga yake ndiyo aliyomfunikia mwanawe. Wakamwinua pamoja, mikono yao ikagusana, wakambeba hadi kitandani.

Asubuhi Bibi hakuwepo. Alikuwa amefunga mzigo wake, amerudi Mashewa kwa aibu.

Siku hizohizo mama akazidiwa tena, akalazwa. Wodi ya kina mama haikuruhusu mwanamume kulala, kwa hiyo mama alilala bila mtu wa kumuuguza. Tulipofika asubuhi tulimkuta amelowa, midomo imekauka. Aliona haya kumwomba mgeni amgeuze. Baba alinishika mkono tukatoka. Tulipanda gari hadi Mashewa, akaketi nyuma ya nyumba ya Bibi, mgongo kaupa ukuta.

"Mwambie bibi yako, kama ni aibu, nimeibeba mimi yote. Yeye aje kwa mwanawe."

Niliingia nikamkuta Bibi anafunga mzigo, machozi yanamtoka. "Mwambie baba yako atangulie," akasema. "Mimi nitakuja na gari la nyuma."

Bibi na baba wote wawili sasa wamelala makaburini, na ile desturi imekwenda nao. Binti yangu nikimsimulia anacheka, ananiuliza walikuwa watu wa namna gani wale. Nawaonea fahari, nawaonea na haya, vyote kwa pamoja.

Mama alifariki mchana, saa ya kuona wagonjwa. Nilikuwa nimetumwa bombani. Niliporudi, Bibi alishamfumba macho na alikuwa bado ameshika kidevu chake. Baba alikuwa palepale dirishani, ila safari hii amesimama wazi, anatazama ndani, ameona yote. Hawakutazamana.

"Mwambie baba yako," Bibi akasema.

Nikatoka, nikazunguka wodi. Sikujua namna nyingine ya kulisema, nikalisema kama nilivyozoea. "Baba, Bibi anasema mama amekufa."

"Mwambie bibi yako nimesikia."

Nikarudi kumwambia. Nilipita kati ya vitanda nimeinamisha kichwa, na hakuna aliyecheka.