Sentimita Tatu za Shangazi

Walimwita Chaki kwa ajili ya kile kipande cha chaki kilichokaa nyuma ya sikio lake mchana kutwa, na asubuhi ile ya usaili shangazi yake alilazimika kukichomoa kwa mkono wake mwenyewe, wakiwa wamesimama mlangoni pa chumba cha kushonea.

"Unakwenda kuomba kazi au kumkatia bosi suruali?"

"Nimesahau, shangazi."

"Utasahau na kichwa. Hebu geuka." Shangazi akamzungusha, akamvuta kola, akampangusa begani pasipokuwa na vumbi lolote. "Haya. Wakikuuliza, jibu. Usimumunye maneno kama pipi."

Chaki akaitikia kwa kichwa. Nyuma ya shangazi aliziona cherehani mbili, moja imefunguliwa, nyingine imefunikwa kitambaa. Ile iliyofunikwa ndiyo aliyokuwa akiitumia yeye. Zamani zote mbili zililia kutwa nzima, mpaka majirani wakalalamika. Kisha watu wakazoea nguo za dukani, zilizokwisha kushonwa na mikono wasiyoijua, na kazi ikapungua hadi ikawatosha wanawake wawili kwa shida, kisha mmoja. Hakuna aliyelisema jambo hilo. Shangazi alikata tu tangazo gazetini kwa mkasi wake wa nguo, ule asioruhusu mtu aukatie karatasi, akaliweka mezani mbele ya mpwa wake. Ofisi ya usanifu wa ndani ya majengo ilikuwa ikitafuta mwanagenzi. Uzoefu si lazima.

Maneno hayo matatu ya mwisho yalimtesa Chaki kuliko yote. Kama uzoefu si lazima, basi ni kipi kilicho lazima? Mtu aliyekosa uzoefu anajua alichokosa. Chaki hakujua hata alichokosa ni kipi.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo. Alipanda ngazi akijiona chini kwenye vioo vile, vipande vipande, hapa bega, hapa kiatu. Dada wa mapokezi alimwonyesha benchi. Hapo alikwisha kukaa kijana mmoja mrefu, shati limenyooka, amelilaza magotini bomba refu la plastiki la kubebea michoro. Alilishika kama mtu aliyepakata mtoto.

"Na wewe ni usaili?" kijana akauliza.

"Ndiyo."

"Umesoma chuo gani?"

"Sijasoma chuo."

"Ah," akasema yule kijana, kwa upole kabisa, na upole ule ukamchoma Chaki zaidi ya kicheko.

Kijana aliitwa kwanza. Mlango haukufungwa vizuri, na Chaki akasikia maneno yakitoka kwa mapande: kompyuta, mradi wa mwaka wa mwisho, profesa wangu. Kila neno lilikuwa kama tofali, na ukuta ukapanda mbele yake. Ilipofika zamu yake aliingia akiuona bado.

Msanifu mkuu alikuwa mama mwembamba mwenye mvi za mbele, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Hakutabasamu wala hakukunja uso. Alimwangalia Chaki jinsi mtu anavyoangalia chumba kitupu.

"Tangu umalize shule unafanya nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu nyumbani, amelifanyia mazoezi: nakata nguo kwa shangazi yangu, najua kupima, najua kuchora kwenye kitambaa. Lakini maneno ya yule kijana yalikuwa bado yanaelea humo chumbani, kompyuta na profesa, na cherehani ilionekana kitu cha kuchekesha kukileta katikati yao.

"Nipo nyumbani tu, mama," akasema.

"Nyumbani tu."

"Ndiyo, mama."

Msanifu akavaa miwani, akaivua tena. "Haya. Hapa hatupimi watu kwa maneno. Kile chumba cha chai unakiona? Kila mmoja atakipima, akichore kwenye karatasi kwa vipimo. Halafu kati ya dirisha na ukuta wa kushoto mniwekee kabati. Kabati la kuenea, si la kubahatisha. Mwenzako amekwisha kuanza."

Chumba cha chai kilikuwa kidogo, kina sinki, rafu ya vikombe na birika lililochakaa. Kijana wa bomba alikuwa akipima mlango, anaandika, anafuta. Chaki alishika futi ya chuma na kwa mara ya kwanza siku ile akajiona yuko mahali pake. Kuvuta futi, kubana kwa kidole, kusoma, kuandika: hilo alilijua. Mikono ilikwenda yenyewe. Alipima ukuta mzima, kisha vipande vyake: kutoka kona hadi dirisha, dirisha lenyewe, kutoka dirisha hadi kona ya pili.

Alipokaa kujumlisha, vipande vikazidi ukuta. Si sana. Akarudia hesabu, vikazidi vilevile. Angekwenda kupima upya, lakini kijana alikuwa ameinama palepale dirishani, na kumwomba mtu apishe mbele ya mlango ulio wazi ni kutangaza kwamba umekosea. Basi akafanya afanyavyo mkono wa gauni unapokuwa mkubwa kuliko tundu la bega: aliibana ile ziada kidogokidogo, akaimezesha mahali ambapo jicho halitaiona. Dirisha ndilo lililolipa. Alilipunguza, kuta zikakutana, kona zikafunga vizuri. Mistari yake ilikuwa safi, myembamba, bila kusitasita. Akachora kabati, akaandika upana wake, akapeleka karatasi kwa msanifu, akarudi kwenye benchi akiwa na kitu kinachokaribia kuwa matumaini.

Kijana wa bomba akaja akaketi, anapuliza vidole.

"Lile kabati limenitoa roho. Wewe umepata upana gani? Mimi themanini na nne."

"Themanini na saba," akasema Chaki.

"Haiwezekani. Nimepima mara mbili."

Themanini na nne, themanini na saba. Chaki alitaka kumwambia kwamba amekosea yeye, na futi yake, na chuo chake. Kisha akaiona ile tofauti jinsi ilivyo.

Sentimita tatu. Moja na nusu upande huu, moja na nusu upande ule.

Kwa shangazi, kipimo hakiandikwi uchi. Ndivyo shangazi alivyosema tangu siku ya kwanza alipomkabidhi futi ya kitambaa. Ukisoma themanini mwilini mwa mteja, unaandika themanini na tatu, nafasi ya mshono imo tayari, ili anayekata asije akasahau na kuharibu kitambaa cha watu. Chaki alikuwa amefanya hivyo miaka mingi mpaka hakujisikia tena akijumlisha. Jicho lilisoma namba moja, mkono ukaandika nyingine. Mkono ulikuwa umekivisha nguo chumba kizima cha chai: sinki, mlango, dirisha. Ndiyo maana vipande vilizidi. Kila kipande kilibeba mshono wake. Chumba kilikuwa kimempigia kelele kwamba kuna kosa, naye akakibana kikanyamaza.

"Umekuwaje, dada?" kijana akauliza. "Umebadilika rangi."

"Hakuna kitu."

Akatazama mlango wa msanifu. Safari hii ulikuwa umefungwa. Angeweza kuondoka. Dada wa mapokezi alikuwa amewaambia watapigiwa simu, na simu ambayo haitapigwa haina aibu. Mtu hufa nayo kimyakimya. Au angeweza kukaa, akitumaini kwamba hakuna atakayepima tena. Lakini kabati ni ubao. Ubao ungekatwa, ungebebwa, ungesukumwa kati ya dirisha na ukuta, ungegoma, na watu wangesimama wakiuangalia. Na ili aeleze kosa alilofanya, ilimpasa aeleze lilikotoka. Nyumbani tu haina mishono.

Akapiga moyo konde, akainuka. Dada wa mapokezi akasema, "Wee dada, hujaitwa," lakini tayari alikuwa amebisha.

Msanifu alikuwa amezitandaza karatasi zote mbili mezani.

"Samahani, mama. Mchoro wangu una kosa."

"Wapi?"

"Kote."

Msanifu akaweka kalamu chini. "Kote?"

"Kila kipimo kimezidi sentimita tatu. Mimi… sikai nyumbani tu, mama. Nakata nguo kwa shangazi yangu. Kwetu tunaandika na nafasi ya mshono ndani yake. Sikukusudia. Mkono ulijiendea."

Nje ya dirisha gari lilikuwa linajaribu kurudi nyuma na mtu anaimba, njoo, njoo, njoo. Msanifu akainama juu ya mchoro.

"Na vipande hivi? Mbona vinajumlika? Vingezidi ukuta."

"Vilizidi. Nikavibana. Kama unavyoingiza mkono wa gauni begani."

"Ukavibana!" Msanifu akavua miwani. "Ukaona hesabu haikubali, ukaibembeleza?"

"Ndiyo, mama."

"Hilo la sentimita tatu nalielewa, ni mazoea. Hili la kubana ndilo linalonitisha. Kitambaa kinasamehe, binti. Seremala wangu akikata ubao kwa namba yako, ubao haukunjwi, haupindwi. Unatupwa. Na anayetukanwa ni mimi."

"Naelewa, mama." Akaanza kugeuka.

"Nimekuambia uende?"

Chaki akasimama.

"Mwenzako vipimo vyake viko sawa," msanifu akasema, "ila hiki kichoro, hata siujui mlango ni upi. Nimekiangalia dakika hizi zote nikajiuliza nani atakuwa anamsafishia kazi." Akawa anaugeuzageuza mchoro wa Chaki kama kitu alichookota. "Nitakujaribu mwezi mmoja. Mchana utapima, utachora. Na kila kipimo utakacholeta, nitakwenda kukipima tena mimi mwenyewe. Siku nitakayoacha kupima tena, ujue umeajiriwa. Nisipoacha, tutaagana vizuri. Umeridhika?"

"Nimeridhika, mama."

Aliposhuka ngazi hakuhisi furaha. Alikuwa ameuzoea woga wa kukosa. Ulikuwa na sakafu, unaanguka unafika. Huu wa kupata haukuwa na sakafu.

Aliposimuliwa habari ya kabati, shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Kabati lenye pindo! Wewe mtoto wewe! Ungepewa na milango, ungeitia vifungo?" Alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa alichokuwa akikishona. "Sasa walijuaje kama unashona?"

Chaki akamwambia yote. Alipofika kwenye nyumbani tu, sauti ikapungua.

Cherehani ikasimama. Shangazi hakuinua uso. Akakata uzi kwa meno, akauangalia mshono kana kwamba umempinga.

"Nyumbani tu," akasema.

"Niliogopa, shangazi."

"Na mwisho ukawaambia."

"Nikawaambia."

"Msanifu peke yake?"

"Na dada wa mapokezi. Alikuwa anasikiliza mlangoni."

"Basi." Akakanyaga cherehani tena, kwa nguvu kuliko kitambaa kilivyohitaji. Kisha akasema, bila kumtazama, "Huko kwao uandike uchi, kama wanavyotaka. Ila usije ukanikatia nguo zangu uchi."

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Kila namba Chaki aliisema kwa sauti kabla ya kuiandika, midomo ikitembea, mpaka mafundi wakadhani anasali. Msanifu alimfuata nyuma kwenye kila chumba na futi yake mwenyewe, hasemi sawa, hasemi si sawa. Anapima tu, anaendelea. Seremala wa ofisi, mzee wa makamo mwenye penseli pana nyuma ya sikio, alimzoea upesi. "Huyu binti," alikuwa akisema, "akipima ukuta, ukuta wenyewe unaanza kuwa na wasiwasi."

Kisha ikafika asubuhi ya duka la dawa, lililotaka rafu ukuta mzima. Chaki alipima, akachora, akamkabidhi msanifu karatasi, akasubiri ainuke kuchukua futi. Msanifu aliisoma mara moja tu, akampa seremala.

"Kata," akasema, akaenda kujibu simu.

Seremala akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akatoka. Hakuna aliyegeuka kumwangalia Chaki. Alibaki amesimama katikati ya ofisi, mikono mitupu, akisubiri kitu fulani kimshukie. Hakuna tena mtu nyuma yake. Namba zile zilikuwa zimeondoka kama zilivyo, na kama zimekosa, zimekosa moja kwa moja hadi kwenye ubao.

Wenzake walipokwenda kula, yeye alikwenda kwenye duka la dawa. Seremala alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatafuna mkate, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Binti, umefuata nini?"

"Nataka kupima kidogo tu, mzee."

"Mbao nimekwisha kukata! Ukikuta kosa sasa hivi, utaniambia mimi au utamwambia Mungu?"

Chaki alibana ncha ya futi kwenye kona, akaivuta ukuta mzima, akainama mpaka pua ikakaribia chuma, akaisoma namba kwa sauti. Ilikuwa ileile.

Seremala akatikisa kichwa, akarudi kwenye mkate wake. Chaki akaiachia futi ikajikunja kwa kishindo, akavuta pumzi, akarudi kwenye kona, akapima tena.